Kura za Labour zilipungua, viti vikaongezeka: wapiga kura wa Uingereza huhamaje?

Msomaji anayeishi Leicester anauliza: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nina kibali cha kuishi hapa Uingereza, na 2024 nilipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza. Labour walishinda viti 411, lakini nimesoma kwamba kura zao zilikuwa pungufu ya zile za 2019, mwaka walioangushwa vibaya. Halafu televisheni ikasema watu wamehama kutoka Conservative kwenda Labour kwa karibu asilimia 11. Wamehamaje kama kura zenyewe zimepungua? Tena jimboni kwangu, Leicester East, mambo yalikwenda kinyume na nchi nzima. Naweza kupimaje mwenyewe nani alihama kutoka wapi kwenda wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Hesabu ulizosoma ni sahihi. Mwaka 2019 Labour, ambao pamoja na Conservative ndio vyama viwili vikubwa vya jadi, walipata kura milioni 10.27, sawa na asilimia 32.1, wakaambulia viti 202. Mwaka 2024 walipata kura milioni 9.71, asilimia 33.7, wakabeba viti 411. (Ukikuta jedwali lenye 412, wamemjumlisha Spika, ambaye alikuwa wa Labour lakini vyama vikubwa havimwekei mpinzani.) Katika chaguzi hizo hizo mbili Conservative walishuka kutoka kura milioni 13.97 hadi milioni 6.83, yaani kutoka asilimia 43.6 hadi 23.7, na viti vyao vikatoka 365 hadi 121. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Labour walibaki karibu palepale, mshindani wao akaporomoka. Na kwa kuwa kila jimbo huchukuliwa na mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake, hata asipofika nusu, kama ubunge wa Tanzania na Kenya ulivyo, kiti kinaweza kupata mwenyewe mpya bila huyo mpya kuongeza kura hata moja.

Kabla ya kwenda mbele, tuelewane maneno mawili. Kiswahili chetu huita "Uingereza" nchi nzima na pia ile sehemu yake moja. Hapa Uingereza ni nchi nzima. Sehemu zake nitaziita England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kwa sababu kura za kila moja huenda kwa mkondo wake. La pili ni pointi. Chama kikitoka asilimia 20 hadi 30 kimepanda pointi 10, lakini kura zake zimeongezeka kwa nusu nzima. Magazeti huandika "asilimia" kwa vyote viwili, na makosa mengi ya hesabu za uchaguzi huanzia hapo.

Sasa ile asilimia 11. Kipimo ulichosikia kinaitwa swingi, nami nitakiita mhamo. Kilienezwa na David Butler wa Oxford baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kukipata ni rahisi: chukua pointi alizopanda mmoja, jumlisha na pointi alizoshuka mwingine, gawa kwa mbili. Kwa 2024 Labour walipanda pointi 1.6 na Conservative wakashuka pointi 19.9. Jumla ni 21.5, nusu yake 10.75. Ndiyo "karibu 11" yako. Linganisha na 1997, mwaka Tony Blair aliposhinda: Labour walipanda kutoka 34.4 hadi 43.2, yaani pointi 8.8, Conservative wakashuka kutoka 41.9 hadi 30.7, pointi 11.2. Jumla 20, mhamo 10. Kwa kipimo hiki chaguzi hizo mbili ni mapacha. Kwa undani hazifanani hata kidogo: 1997 chama kilipanda kweli na kuvuna kura milioni 13.5, 2024 karibu kazi yote ya hesabu ilifanywa na anguko la mwenzake.

Butler hakukosea. Kipimo chake kilitungwa kwa nchi ya vyama viwili. Mwaka 1951 Conservative na Labour waligawana takriban asilimia 97 ya kura zote, kwa hiyo aliyemwacha mmoja alikuwa ama kaenda kwa mwingine ama kabaki nyumbani. Mwaka 2024 vyama hivyo viwili vilipata asilimia 57.4 tu kwa pamoja. Mizani ya vibao viwili haiwezi kupima mzigo uliogawanywa mafungu matano.

Nikupe mfano wa kubuni. Kuna jimbo lenye wapiga kura 100. Uchaguzi wa kwanza: Conservative 50, Labour 40, Reform (chama kipya cha mrengo wa kulia) 10. Uchaguzi wa pili: Conservative 30, Labour 40, Reform 30. Piga hesabu: Labour hawakupanda wala kushuka, Conservative wameshuka 20, kwa hiyo mhamo ni 10 "kutoka Conservative kwenda Labour". Sasa nini kilitokea? Huenda watu 20 wa Conservative walikwenda moja kwa moja Reform, na hakuna mtu hata mmoja aliyeingia Labour. Au watu 20 wa Conservative walikwenda Labour, na watu 20 wa Labour wakatoka kwenda Reform. Jumla za mwisho ni zile zile, mhamo ni ule ule. Matokeo ya sanduku yanakuonyesha salio la mwisho tu, kama daftari la dukani lililoandikwa baki tu bila kuonyesha nani alilipa na nani alikopa.

Jimbo halisi linaloonyesha hivyo ni South West Norfolk, alikokuwa Liz Truss, waziri mkuu wa zamani. Mwaka 2019 alipata kura 35,507 na kumwacha mgombea wa Labour kwa kura 26,195. Labour basi walikuwa na 9,312. Mwaka 2024 Labour walipata 11,847, Truss 11,217, Reform 9,958. Truss alipoteza kura zaidi ya 24,000, na aliyemng'oa aliongeza kama 2,500 tu. (Mipaka ilibadilika kidogo, kwa hiyo tofauti hizi zichukue kama makadirio.) Kwenye jedwali jimbo hilo limeandikwa mhamo wa karibu pointi 26 kwenda Labour. Anayesoma safu hiyo peke yake atadhani wakulima wa Norfolk wamekuwa wafuasi wa Labour usiku mmoja.

Jimbo lako ni kioo cha hilo, ila limegeuzwa. Leicester East ilikuwa ya Labour tangu 1987, na ni mojawapo ya majimbo yenye familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Mwaka 2019 Labour walipata kura 25,090, asilimia 50.8, Conservative 19,071, asilimia 38.6. Mwaka 2024 Conservative walipata 14,526, asilimia 31.1, Labour 10,100, asilimia 21.6. Ona: Conservative walipoteza kura zaidi ya 4,500 na pointi 7.5, na bado ndilo jimbo pekee nchini walilowanyang'anya wengine mwaka huo. Mhamo wake ni pointi karibu 11 "kutoka Labour kwenda Conservative", katika jimbo ambalo Conservative walishuka!

Kura za Labour zilikwenda wapi? Sehemu ya jibu imo kwenye karatasi ya kura. Claudia Webbe, aliyechaguliwa kwa tiketi ya Labour 2019 na kufukuzwa chamani 2021, alisimama kama mgombea binafsi akapata 5,532. Keith Vaz, aliyekuwa mbunge wa Labour hapo kwa zaidi ya miaka 30, naye akasimama na chama chake kidogo, akapata 3,681. Liberal Democrats, chama cha mrengo wa kati, wakapita 6,000. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Lakini usifanye kosa la kujumlisha kura za Webbe na Vaz kwenye za Labour ukasema wangeshinda. Wako waliompigia Vaz ambao bila yeye wangebaki nyumbani, na wako ambao wangekwenda Conservative. Jumla haituambii.

Kwa nchi nzima, mtego ni ule ule. Utasoma kwamba Reform UK walipanda kutoka asilimia 2.0, walipokuwa wakiitwa Brexit Party, hadi 14.3, kwa hiyo pointi 12 kati ya 20 za Conservative ziliingia huko. Mwelekeo ni kweli: chanzo kikubwa cha kura za Reform 2024 kilikuwa watu waliowapigia Conservative 2019. Ila kianzio cha 2.0 si cha haki. Mwaka 2019 chama hicho kiliamua kutosimamisha wagombea katika majimbo 317 yaliyokuwa ya Conservative. Katika majimbo hayo mtu aliyewapenda hakuwa na pa kutia alama. Mwaka 2024 walisimama karibu kila mahali England, Scotland na Wales. Kila unapoona chama kimepanda ghafla, uliza kwanza: uchaguzi uliopita kilikuwa na wagombea wangapi?

Na ile pointi 1.6 ya Labour? Nayo ni wastani unaoficha. Scotland Labour walipanda kutoka asilimia 18.6 hadi 35.3. Wales walishuka kutoka karibu 41 hadi 37. England, kwenye majimbo 543 kati ya 650, walisogea nusu pointi tu. Ukitaka kusema wapiga kura "walirudi Labour", ukweli ni kwamba walirudi hasa Scotland, wakitoka kwa SNP, chama kinachotaka Scotland ijitegemee. Ndani ya England yenyewe kulikuwa na mikondo miwili iliyofutana: Labour walipanda katika miji mingi midogo waliyoipoteza 2019, na wakashuka sana katika mitaa ya mijini yenye Waislamu wengi, ambako msimamo wa chama kuhusu Gaza uliwaudhi watu. Jirani zako wa Leicester South walimwangusha Jonathan Ashworth, mmoja wa vigogo wa Labour, kwa kura 979, wakamchagua mgombea binafsi. Blackburn, Dewsbury and Batley na Birmingham Perry Barr zilifanya vivyo hivyo.

Hadi hapa nimezungumza kama vile kila aliyekiacha chama kaingia kingine. Kuna mlango mwingine mkubwa zaidi: kutopiga kura kabisa. Mfano bora ni 2001. Waliojitokeza walishuka kutoka asilimia 71 mwaka 1997 hadi 59.4. Labour walitoka kura milioni 13.5 hadi milioni 10.7. Conservative nao walipungua, kutoka milioni 9.6 hadi milioni 8.4. Lakini kwa kuwa kapu lote lilikuwa limenywea, asilimia ya Conservative ilipanda kutoka 30.7 hadi 31.7, na kitabu kikaandika mhamo wa karibu pointi 1.8 kutoka Labour kwenda Conservative. Chama kilichopoteza kura zaidi ya milioni moja kimeandikwa kuwa kimepokea wahamiaji. Mimi nikisoma uchaguzi wowote wa Uingereza, huandika kwanza kura zenyewe kwa mamilioni, kisha asilimia pembeni yake, na mhamo mwisho kabisa.

Mwaka 2024 waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 60 ya walioandikishwa. Zidisha na asilimia 33.7 ya Labour utapata kwamba mtu mmoja kati ya watano walioandikishwa ndiye aliyewapigia. Wala usisahau mlango wa kaburi na wa utoto: watu wapatao 600,000 au zaidi hufariki Uingereza kila mwaka, na karibu idadi kama hiyo hutimiza miaka 18. Katika miaka minne na nusu hao ni mamilioni wanaobadili orodha bila mtu yeyote kubadili mawazo. Wewe mwenyewe, raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye haki ya kukaa, umeingia kwenye hesabu kama kura mpya. Hukuhama kutoka popote.

Basi wachambuzi hujuaje nani alikwenda wapi? Kwa kumuuliza mtu yule yule mara mbili. Huu ndio utafiti wa jopo: unawaandika watu wakati wa uchaguzi mmoja, unahifadhi jibu lao, unawarudia uchaguzi unaofuata. British Election Study imekuwa ikifuatilia chaguzi tangu 1964, na kutoka kwenye kumbukumbu zake ndipo tunapojua kwamba kati ya 1964 na 1966 kama asilimia 13 tu ya wapiga kura walibadili chama, na kati ya 2010 na 2015 ni karibu asilimia 43. Kwa jedwali la sanduku peke yake usingejua: 2015 Conservative walipanda chini ya pointi moja na Labour pointi 1.4, utadhani nchi ililala usingizi. Kumbe chini ya maji mkondo ulikuwa mkali.

Njia ya mkato ni kumuuliza mtu leo alimpigia nani miaka mitano iliyopita. Usiiamini sana. Watu husahau, na wanaposahau huegemea kwa aliyeshinda, au hujibu kwa chama wanachokipenda leo. Matokeo yake uhamaji unaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana kampuni makini za kura za maoni huandika jibu siku chache baada ya uchaguzi na kulitunza. Tatizo la pili ni wanaodai walipiga kura kumbe walibaki nyumbani. British Election Study hulikabili hilo kwa kulinganisha majibu na nakala ya daftari la wapiga kura yenye alama za waliofika kituoni. Daftari hilo linaonyesha kama ulifika. Halionyeshi ulimpigia nani. La tatu ni jopo lenyewe kuchujuka: wanaoendelea kujibu mwaka hadi mwaka ni wale wapenda siasa, na wapenda siasa ndio waaminifu zaidi kwa vyama vyao. Sampuli iliyojaa watu wa aina hiyo ilichangia kura za maoni za 2015 kuonyesha vyama vikubwa vikilingana, na Conservative wakashinda kwa pointi zaidi ya sita.

Kama huna jopo, kuna kipimo kizuri kuliko mhamo unachoweza kukipiga mwenyewe kwa kalamu. Chukua mabadiliko ya kila chama, ondoa alama za kujumlisha na kutoa, jumlisha yote, gawa kwa mbili. Kwa 2010 hadi 2015: Conservative 0.8, Labour 1.4, Liberal Democrats 15.1 (walitoka 23.0 hadi 7.9), UKIP (chama kilichotaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya) 9.5, SNP 3.0, Green 2.9, BNP (chama cha siasa kali za kulia) 1.9. Jumla 34.6, nusu yake 17.3. Fanya hivyo kwa 1964 hadi 1966 utapata kama 4. Kwa 2019 hadi 2024 utapita 20. Kipimo hiki nacho ni salio, hivyo huwa chini ya uhamaji halisi (linganisha 17 na ile 43 ya jopo), lakini angalau hakijifanyi kwamba nchi ina vyama viwili.

Ulitaka kujua uhamaji kutoka uchaguzi hadi uchaguzi, na hapo ndipo ninapoona wengi wanakosea zaidi: wanachukua chaguzi mbili tu. Jimbo la Bolsover, eneo la migodi ya makaa ya mawe huko Derbyshire, lilichukuliwa na Conservative 2019 na magazeti yakaandika kama tetemeko. Lisome kwa mfululizo. Labour walikuwa na asilimia 74 mwaka 1997, karibu 69 mwaka 2001, 65 mwaka 2005, 50 mwaka 2010. Robo ya kura ilikwisha ondoka kabla mtu hajasikia neno Brexit. Mwaka 2015 Labour walisimama palepale, ila UKIP wakapata asilimia 21. Mwaka 2017 UKIP walififia, Conservative wakaruka kutoka asilimia 24 hadi 40, na Labour bado walikuwa juu kidogo ya 50, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mwaka 2019 Labour wakaporomoka hadi 36 na Conservative wakafika 47.

Mtu wa Bolsover aliyelelewa nyumba ya Labour mara nyingi hakuruka mara moja kwenda Conservative, chama alichofundishwa tangu utotoni kwamba ni cha mabwana wa migodi. Kwanza aliacha kupiga kura. Kisha akajaribu UKIP. Halafu hatua ya tatu ikawa fupi. Ukitazama 2015 na 2017 peke yake utasema "wafuasi wa UKIP wamekwenda Conservative". Ukianzia 1997 utaona wengi wao walianzia Labour. Mwaka 2024 Labour walilirudisha jimbo, na sasa swali la kufuatilia ni la Reform, ambao walishika nafasi ya pili katika majimbo 98 nchini, mengi yao ya Labour.

Kuhusu viti, nitasema kwa ufupi kwa sababu hesabu yake ni nyingine. Kinacholipa ni mahali kura zilipo. Mwaka 1951 Labour walipata kura milioni 13.9, nyingi kuliko Conservative, wakashindwa kwa viti 295 dhidi ya 321, kwa sababu walirundika kura kwenye ngome zao. Mwaka 2024 walikuwa na kura milioni nne pungufu ya hizo na viti zaidi ya mia juu yake. Liberal Democrats waliongeza chini ya pointi moja mwaka huo huo, wakatoka viti 11 hadi 72, kwa sababu walipeleka nguvu zao kwenye majimbo ya kusini mwa England ambako wao ndio waliokuwa wakimfukuzia Conservative, na watu wa Labour wa huko wakawapigia ili kumtoa aliyekuwepo. Reform, wenye kura milioni 4.1 zilizotawanyika kila mahali, walipata viti vitano.

Pia usitumie mhamo wa nchi kutabiri jimbo lako. Dhana kwamba kila jimbo litasogea pointi zile zile ilifanya kazi vizuri miaka ya 1950 na 1960. Chama kinapoanguka pointi 20 haiwezekani: kuna majimbo ambako hakikuwa na hata pointi 20 za kupoteza. Mwaka 2024 Conservative walishuka zaidi pale walipokuwa na nguvu zaidi, karibu kwa uwiano wa walichokuwa nacho, na hivyo ngome zao ndizo zilizobomoka. Ndiyo sababu utafiti unaotangazwa saa nne usiku vituo vikifungwa, unaofanywa kwa kuwauliza waliotoka kupiga kura mlangoni mwa vituo 130 hivi na timu ya profesa John Curtice, hurudi kwenye vituo vilevile vya uchaguzi uliopita kadiri inavyowezekana na kupima badiliko la kila aina ya eneo peke yake. Mwaka 2024 uliwapa Labour viti 410.

Sasa jimbo lako. Anza na mipaka, kwa sababu 2024 ilitumia ramani mpya: karibu kila jimbo lilitakiwa kuwa na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062, Wales ikapunguzwa kutoka majimbo 40 hadi 32, na ni majimbo 65 tu yaliyobaki bila kuguswa. Ukilinganisha jina na jina unaweza kuwa unalinganisha mitaa tofauti. Tumia matokeo ya 2019 yaliyokadiriwa upya kwa mipaka mipya. Yalitengenezwa na wataalamu wa uchaguzi Colin Rallings na Michael Thrasher, na kwa hesabu yao Conservative wangekuwa na viti 372 badala ya 365. Majedwali ya jimbo kwa jimbo hutolewa bure na House of Commons Library, maktaba ya bunge. Hakikisha pia asilimia zako ni za eneo moja: kura nyingi za maoni huacha nje Ireland ya Kaskazini, yenye vyama vyake, na hilo peke yake humpandisha Labour karibu pointi moja.

Andika safu nne: kura, asilimia ya waliopiga, asilimia ya walioandikishwa, na orodha ya wagombea wa kila mwaka. Safu ya tatu ndiyo itakayokuonyesha waliobaki nyumbani, na ya nne itakueleza chama gani hakikuwepo. Rudi nyuma angalau chaguzi tano. Kwa Leicester East ongeza uchaguzi wa madiwani wa Mei 2023, ambapo Conservative walipata viti 17 katika baraza la jiji na Labour wakapoteza zaidi ya 20. Dalili ilikuwepo mwaka mzima kabla. Kumbuka tu kwamba wanaojitokeza kuchagua madiwani ni wachache zaidi, na mtu anaweza kumpigia diwani wa chama kimoja na mbunge wa kingine.

Jambo moja litakukwaza ukiwa umezoea kwetu, ambako matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni, kama Kenya na Fomu 34A yake. Uingereza hawana hayo. Masanduku yakifika ukumbini, idadi ya karatasi huhakikiwa kwanza, kisha karatasi za sanduku moja huchanganywa na za jingine kabla ya kuhesabiwa, kwa makusudi kabisa, ili isijulikane mtaa upi umempigia nani. Wanaojua kidogo ni mawakala wa vyama, ambao wakati wa kuhakiki husimama mbele ya meza na kuchora vijistari kwa kila karatasi wanayoiwahi kuiona. Hesabu zao huwa za kukisia na hawazichapishi, lakini ukimpata wakala aliyekaa kwenye meza za Leicester East usiku ule, muulize mitaa ipi ilikuwa na Webbe na ipi ilikuwa na Vaz.